Shajara ya mradi: kuihifadhi nyumba ya karne ya 17, Quedlinburg

Mwishoni mwa Februari

Ruhusa imetoka. Barua ya ofisi ya urithi, inayolinda majengo ya kale, imefika kwa posta, kurasa kadhaa, kila kazi na masharti yake. Boriti ya msingi upande wa barabarani ikatwe pale tu ilipooza. Udongo wa zamani usitupwe. Madirisha ya ghorofani yatengenezwe, yasibadilishwe. Rangi isichaguliwe mpaka mtaalamu wa rangi amalize kuchunguza. Mwenye nyumba aliisoma akashusha pumzi. Mimi nilifurahi, maana karibu kila sharti ni jambo ambalo fundi anayeijua kazi hii angelifanya hata kama hakuandikiwa.

Kwa anayeanza kufuatilia leo: mimi ni seremala, kwetu Pangani, na ufundi wa nyumba za kale nimeupatia huku Ujerumani. Karakana yetu imekabidhiwa nyumba katika mji wa Quedlinburg, jimbo la Sachsen-Anhalt, kaskazini mwa milima ya Harz. Mto Bode unapita hapo. Mfalme Heinrich I wa Wajerumani alizikwa juu ya kilima cha mji huu mwaka 936, na tangu 1994 kanisa la kilimani, ngome na mji wa kale vimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kilichowavutia watu wa UNESCO si kanisa peke yake. Ni nyumba za watu wa kawaida, za mbao na udongo, zaidi ya 1,300, zimesimama bega kwa bega mtaa hadi mtaa.

Yetu iko upande wa Neustadt, sehemu ya mji iliyoanza karne ya 12. Ni kiunzi cha mbao: boriti ya msingi imelala juu ya ukuta mfupi wa mawe, nguzo zimesimama juu yake, mihimili ya mshazari inaizuia nyumba isiyumbe, na baina ya mbao pamejazwa udongo uliokandikwa kwenye vijiti vya mwaloni. Ghorofa ya juu imetokeza barabarani, na vichwa vya boriti zinazoibeba vimechongwa pande nne zinazokutana kwenye ncha, mithili ya piramidi ndogo. Mchongo huo ulipendwa sana na maseremala wa hapa katika nusu ya pili ya karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18. Ukitembea mtaani utauona tena na tena.

Neno moja kuhusu fedha, kwa sababu nimeulizwa. Ujerumani haina sheria moja ya kulinda majengo ya kale. Kila jimbo kati ya majimbo 16 lina yake, na ya Sachsen-Anhalt ni ya mwaka 1991. Kodi lakini ni ya nchi nzima. Mwenye nyumba anayeishi ndani ya jengo lililolindwa anaweza kuondoa asilimia 9 ya gharama za uhifadhi katika mapato yake yanayotozwa kodi, kila mwaka kwa miaka 10. Anayepangisha anaondoa asilimia 9 kwa miaka minane, kisha asilimia 7 kwa miaka minne. Ila kazi iwe imekubaliwa na ofisi kabla haijaanza. Anayebomoa kwanza na kuomba baadaye hapati kitu. Ndiyo maana hatukugusa hata msumari mpaka barua hii ilipofika.

Machi, wiki ya pili

Tumeanza kubandua lipu ya barabarani. Ni saruji, nene, ngumu, ya miaka ya baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kwa macho ya mpita njia ukuta ulikuwa mzima kabisa. Nyuma yake boriti ya msingi imekuwa unga upande wa kushoto. Niliingiza patasi kwa mkono tu, bila nyundo, ikazama hadi kwenye mpini.

Sababu yake ni rahisi, na nataka ieleweke vizuri kwa sababu ndiyo iliyoua nyumba nyingi. Mbao hutanuka na kusinyaa kila majira. Saruji haisogei. Kwa hiyo baina ya mbao na saruji panatokea ufa mwembamba, mvua inaingia, na ikishaingia haitoki, kwa kuwa saruji haiachi unyevu upite. Maji yanashuka na ukuta mpaka chini na kukaa juu ya boriti ya msingi. Udongo na chokaa vingeyafyonza na kuyaachia hewani siku ya jua. Saruji inayafungia humo humo miaka nenda miaka rudi.

Siwalaumu walioipaka. Enzi za Ujerumani Mashariki vifaa vilikuwa haba, kodi za nyumba zilikuwa ndogo mno kuweza kutunza paa, na fundi alipaka alichopata. Miaka ya 1960 kulikuwa na mpango wa kubomoa sehemu kubwa ya mji huu ili kujenga upya. Ukakwama kwa kukosa fedha. Miaka ya 1980 mitaa iliyo kaskazini mwa soko, kama Neuendorf na Schmale Straße, ilipoteza nyumba nyingi, na mahali pake pakawekwa majengo ya zege yaliyopunguzwa kimo yalingane na jirani zake. Nyumba yetu iliokoka kwa kuwa kulikuwa na mtu akiishi ndani na kuziba paa kila lilipovuja. Vigae vya viraka vyake bado vipo, rangi mbalimbali, na nimeomba vibaki upande wa uani.

Machi, mwishoni

Siku za kupima. Kila nguzo, kila boriti, kila mhimili umepewa namba kwenye mchoro, na pembeni tumeandika hali yake. Kipimo cha unyevu tunakichomeka sehemu tatu: chini, katikati, juu. Ikizidi asilimia 20 tunaweka alama nyekundu, maana kuanzia hapo kuvu wanaanza kupata nafasi. Upande wa uani mbao ni kavu kabisa. Upande wa barabara, chini, nyekundu tupu.

Wadudu pia tumewakuta, wa namna mbili, na inafaa kuwatofautisha. Matundu ya duara, milimita moja au mbili, ni ya kijidudu kidogo anayependa mbao zenye unyevu kidogo. Matundu ya yai, marefu kidogo, ni ya mbawakavu mkubwa ambaye kiluwiluwi chake hubungua mbao laini kwa miaka mingi kabla ya kutoka. Huyu wa pili hagusi moyo wa mwaloni. Na hata katika msonobari anapenda mbao changa; msonobari wa miaka mia tatu hauna tena lishe anayoitaka. Kwa hiyo tulipokuta unga mbichi darini, ulikuwa unatoka kwenye pau zilizoongezwa karne ya 20, na pau za zamani kando yake hazina kitu. Tutapuliza hewa ya moto: mbao ifike nyuzi 55 hadi kwenye kiini, ikae hivyo saa nzima. Hakuna sumu itakayobaki ndani ya nyumba ambayo watoto watalala.

Kitu kilichonishika zaidi wiki hii ni alama. Maseremala wa wakati ule walikichonga kiunzi chote chini, uwanjani, wakakiunganisha kikiwa kimelala, wakakifumua na kukipandisha hapa. Ili wasichanganye, kila kiungo walikitia namba kwa patasi: kijistari kimoja, viwili, vitatu, vinne, kisha alama ya tano. Upande wa kulia wa nyumba kila namba imeongezewa kijimkato cha pembeni. Nilipitisha tochi kwa ubavu juu ya mbao, mwanga ukiwa umelala, na namba zikajitokeza moja baada ya nyingine: mbili, tatu, nne. Halafu saba. Tano na sita hazipo. Mahali pa tano na sita pana nguzo mbili zisizo na alama yoyote, zimekatwa kwa msumeno wakati wenzao wamechongwa kwa shoka. Basi hapo ndipo ulipokuwa mlango mkubwa wa gari la farasi, na mtu aliuziba baadaye. Hakuna karatasi ya mji iliyotuambia hivyo. Mbao zimetuambia zenyewe. Tungezing'oa na kuweka mpya, habari hiyo ingekwenda jalalani pamoja nazo.

Aprili

Mtaalamu wa miaka ya miti amekuja kuchukua sampuli. Anatoboa kwa keekee yenye mdomo mtupu, anatoa kijiti chembamba kama penseli, tundu linazibwa kwa kijiti cha mbao hiyo hiyo. Maabara wanapima upana wa kila pete na kuulinganisha na kalenda ya miti ya eneo hili. Ukibahatika kupata kipande chenye pete ya mwisho iliyo chini ya gome, unajua hata majira ambayo mti ulianguka. Na kwa kuwa zamani mbao zilijengewa zikiwa mbichi, mwaka wa kukatwa mti na mwaka wa kujenga havipishani sana. Hivyo ndivyo nyumba ya nguzo ndefu ya Wordgasse 3, ambayo sasa ni makumbusho ya ujenzi wa mbao, ilivyojulikana kuwa ya miaka ya 1340. Yetu imerudi kama vichwa vya boriti vilivyokuwa vimeshatuambia: nusu ya pili ya karne ya 17, baada ya Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648).

Mbao za kuongezea tumezinunua: mwaloni mkavu, uliokaa miaka. Bei yake inauma.

Mei

Mwezi wa kazi nzito. Tumeipandisha nyumba.

Huwezi kutoa boriti ya msingi huku nguzo zimeilalia. Tuliweka mihimili ya muda ndani na nje, chini yake jeki, na tukazungusha kila jeki kwa zamu, kidogo sana, kisha tukaacha. Nyumba ya namna hii ukiiharakisha inapasua lipu ghorofani na kuvunja vioo. Tulikuwa tunazungusha asubuhi, tunasikiliza, tunazungusha tena baada ya chakula cha mchana. Inalia kweli, kila kiungo kinatafuta mahali pake. Bwana mkubwa wa karakana, aliyeanza kazi hii kabla ukuta wa Berlin haujaanguka, alikaa ndani muda wote mkono wake ukiwa juu ya nguzo ya pembeni. Nguzo zilipoachana na boriti kwa unene wa kadi ya simu, akasema inatosha.

Tulikata palipooza, na tukaongeza kidogo tu hadi kwenye mbao nzima. Upande wa kulia wa boriti, ambao ni wa karne ya 17, umebaki. Kipande kipya kimeunganishwa na cha kale kwa kiungo cha kulaliana, urefu mara mbili na zaidi ya kimo cha boriti, kikafungwa kwa vigingi vya mwaloni. Vigingi tunavipasua kwa shoka ili nyuzi zake ziwe nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Matundu ya sehemu mbili hatuyalinganishi sawasawa; tunayapishanisha kiasi kidogo, ili kigingi kikipigwa nyundo kivute kiungo na kukibana. Hakuna skrubu. Chuma ndani ya mbao hupoa haraka kuliko mbao, umande unaganda juu yake, na ubovu unaanzia hapo hapo.

Miguu ya nguzo tatu nayo ilikuwa imeoza. Tumeipa miguu mipya ya kimo kilichohitajika tu. Mgeni mmoja aliuliza kwa nini tusiweke nguzo mpya nzima, ingekuwa haraka na pengine nafuu. Ni haraka, kweli. Lakini ukifanya hivyo kwa kila nguzo, baada ya mafundi wa vizazi vitatu utakuwa na nyumba yenye umbo la kale isiyo na hata ubao mmoja wa kale, na namba zile za patasi zitakuwa kwenye picha tu.

Juni na Julai

Udongo. Hapa najiona niko nyumbani.

Paneli, yaani zile sehemu za udongo baina ya mbao, ambazo tulilazimika kuzifungua tulizifungua kwa mikono, na udongo wake tukaujaza kwenye mapipa. Udongo haugeuki kuwa kitu kingine ukikauka, tofauti na saruji au chokaa, unakauka tu. Ukiuloweka unarudi ulivyokuwa. Kwa hiyo udongo uliokandikwa na watu wa karne ya 17 tumeuloweka usiku, asubuhi tumeukanyaga kwa miguu na mabua mapya ya ngano, na umerudi ukutani ule ule ulikotoka. Ndani yake tulikuta makapi ya nafaka, nywele za ng'ombe, na kwenye paneli moja ya chumba cha nyuma mistari ya vidole vinne iliyovutwa mshazari ili lipu ya juu ipate mahali pa kushika. Paneli hiyo hatukuifungua. Imezibwa pembeni kwa chokaa na itabaki wazi ndani ya kabati la ukutani, atakayefungua ataiona.

Nilimpigia mjomba simu ya video nikiwa kazini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Huo ukuta nyuma yako ni wa wapi? Mbona kama wa kwa bibi yako?"

"Ndiyo nyumba ninayoitengeneza huku."

"Wazungu nao wanakandika?"

"Wamekandika miaka mingi sana."

"Sogeza simu nione fito." Nikasogeza. "Mbona hamkufunga kamba?"

"Vijiti vimechongwa ncha, vinaingia kwenye mfereji uliochimbwa ndani ya boriti. Halafu tunasuka matawi ya mierebi."

Akatazama kimya. "Umechanganya nini? Mavi ya ng'ombe?"

"Mabua tu."

"Sawa. Mkono wa kwanza uache upasuke vizuri. Usiuonee haraka. Kusiriba ni baada ya hapo."

Ndiyo kanuni yenyewe, na ndivyo tunavyofanya: mkono wa kwanza unapasuka unavyotaka, wa pili unaziba nyufa na kusawazisha. Udongo pia unailinda mbao, kwa kuwa unanyonya unyevu kutoka kwenye kijiti ulichokizunguka. Vijiti vya mwaloni tulivyovitoa vilikuwa vikavu na vigumu, tumevirudisha karibu vyote.

Upande wa ndani wa kuta za nje tumeongeza mbao laini za nyuzi za miti kwa ajili ya joto, zimebandikwa juu ya udongo wenye maji bila kuacha uwazi nyuma. Sheria ya nishati inaruhusu majengo yaliyolindwa yasifikie kiwango cha nyumba mpya, na tumeitumia ruhusa hiyo. Ukuta mwembamba wenye joto la wastani na mbao kavu ni bora kuliko ukuta mnene unaotoa jasho ndani ambako hakuna anayeuona.

Agosti

Mtaalamu wa rangi amefanya kazi yake kwa kisu cha daktari. Kwenye nguzo moja ya mbele amekwangua ngazi ndogo, kila daraja ni tabaka moja: kahawia ya karne ya 20, nyeusi, kijivu, na chini kabisa, juu ya mbao yenyewe, nyekundu ya udongo. Watu wengi wanaamini nyumba hizi daima zilikuwa na mbao nyeusi na kuta nyeupe. Mara nyingi huo ni mtindo uliokuja baadaye sana. Ofisi na mwenye nyumba wamekubaliana na kijivu, kwa sababu ndicho kinacholingana na madirisha yaliyopo, ya karne ya 19. Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye nyekundu. Lakini nyekundu ingetaka tuyaondoe madirisha, na madirisha hayo yana vioo vya kupulizwa kwa mdomo. Ukipita mbele yake nyumba ya jirani inacheza. Kijivu basi. Ngazi ya rangi imeachwa ilivyo, haitapakwa.

Rangi ya mbao ni ya mafuta ya kitani, imepakwa nyembamba. Rangi za plastiki zinatengeneza ngozi, na ngozi ikipasuka maji yanaingia na kukwama.

Septemba

Jumapili ya pili ya Septemba ni siku ambayo kote Ujerumani majengo yaliyolindwa hufunguliwa kwa watu. Tulifungua. Walikuja wenyeji wengi kuliko wageni. Bibi mmoja alisimama kwenye chumba cha nyuma akatuonyesha mahali jiko la mama yake lilipokuwa, na sisi tulikuwa tumepaandika kwenye mchoro "doa la masizi, sababu haijulikani". Tumesahihisha.

Walikuja pia vijana wa Jugendbauhütte, mpango wa mwaka mmoja wa kujitolea katika uhifadhi, ambao wa kwanza kabisa ulianzishwa hapa Quedlinburg mwaka 1999. Niliwapa udongo wajaribu. Msichana mmoja aliutupa kwa nguvu ukutani, kama inavyotakiwa, bila kuambiwa. Wengine walikuwa wanaupaka kama siagi, na udongo ukipakwa hivyo unadondoka.

Oktoba

Chokaa ya nje, mbio mbio na majira. Chokaa inakuwa ngumu kwa kuvuta hewa polepole ikiwa na unyevu, na baridi ya chini ya nyuzi tano inaisimamisha. Jalidi ikiikuta mbichi inaibomoa. Tulitandaza magunia yenye maji siku za jua, na kuyaondoa jioni.

Lipu inaishia usawa wa mbao, haijatuna kama mto. Pembezoni tumeikata kwa mwiko, ufa mwembamba baina yake na mbao, kwa makusudi. Mwenye nyumba aliuliza kama tutauziba kwa silikoni. Hapana. Mbao itasogea, na ufa uliokatwa vizuri unaruhusu maji yaliyoingia yatoke.

Novemba

Jukwaa limeshuka. Vipimo vya wiki hii: boriti ya msingi, kipande cha kale, asilimia 17 na inashuka; kipande kipya, 15. Mguu wa nguzo ya pembeni kushoto bado 19. Hapo gata la jirani linamwaga maji, tumeshazungumza naye na amekubali bomba lipelekwe upande mwingine kabla ya theluji.

Zilizobaki ni hizi. Madirisha ya ghorofani yako karakana, gundi ya kitani inakauka, yatarudi Machi na fremu za pili zitawekwa kwa ndani. Ngazi haijaguswa. Pau za uani zimekaguliwa tena, hakuna unga mpya. Hesabu za gharama zinakwenda ofisi ya urithi mwezi huu kwa ajili ya cheti cha kodi, kila risiti na namba ya mbao inayohusika. Vipimo vya unyevu vitachukuliwa kila mwezi majira yote ya baridi, na nitaviandika hapa.